Kipimo cha kinyesi cha kufanyia nyumbani: kinafaa wapi, kinaangusha wapi

Ndani ya boksi hamna mengi. Kuna kichupa cha plastiki cha urefu wa kidole chenye maji kiasi ndani, kifuniko chake kimeungana na kijiti chembamba; kuna karatasi ya kutandika chooni, mfuko wa nailoni usiovuja, na bahasha ya kurudishia. Kuna pia karatasi ya maelekezo, na hiyo ndiyo tutakayoilaumu zaidi huko mbele. Hiki ndicho kipimo cha FIT, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho ndani ya kinyesi ili kugundua mapema saratani ya utumbo mpana na vinyama vinavyoitangulia.

Sokoni ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza unachukua sampuli nyumbani na kuirudisha maabara, ambako mashine hupima na kutoa namba. Ya pili ni kaseti ndogo yenye kidirisha, unadondoshea matone na kusoma mistari mwenyewe kama kipimo cha mimba. Hukumu yetu tuiseme mapema: ya kichupa tunaipendekeza bila kusita, ya kaseti tunaikubali kwa masharti, na zote mbili ni kazi bure kwa mtu ambaye hajajua atakwenda wapi siku majibu yakitoka chanya.

Kwa nini damu? Saratani hii kwa kawaida haizuki ghafla. Huanza kama polipu, kinyama kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, na mara nyingi hupita miaka kumi au zaidi kabla hakijageuka saratani. Polipu kubwa, na saratani changa, huchubuka kinyesi kinapopita na kuvuja damu kidogo sana, leo ikavuja, kesho isivuje. Kipimo cha FIT kina kingamwili zinazonasa globini, ile sehemu ya protini ya hemoglobini ya binadamu, kitu kinachoipa damu wekundu wake. Hapa ndipo ubora wake ulipo. Kwa kuwa kinatafuta damu ya binadamu peke yake, nyama uliyokula jana haikihusu, wala vidonge vya vitamini C. Na kwa kuwa globini ya damu iliyotoka tumboni juu humeng'enywa njiani kabla haijafika chini, damu kinayoinasa ni ya utumbo mpana hasa, si ya vidonda vya tumbo.

Linganisha na kipimo cha zamani cha kadi, kile chenye vidirisha vya karatasi iliyopakwa utomvu wa mti wa guayako na kugeuka buluu ikidondoshewa dawa. Hicho hakitambui damu ya nani, kinatambua tu mmenyuko wa hemu, ile sehemu ya hemoglobini yenye chuma. Nyama nyekundu inaweza kukidanganya kikatoa chanya, vitamini C ikakidanganya upande wa pili kikatoa hasi, na mtu alitakiwa kuacha baadhi ya vyakula na kuchukua sampuli za haja tatu tofauti. Tukiseme kwa heshima, maana ndicho kilichothibitisha kwamba upimaji wa kinyesi unaokoa maisha: jaribio la Minnesota, Marekani, lililochapishwa 1993 likihusu watu zaidi ya 46,000, lilionyesha vifo vya saratani hii vikipungua kwa asilimia 33 kwa waliopangiwa kupimwa kila mwaka. Lakini wakati wake umepita. Uingereza ilihamia FIT mwaka 2019, baada ya majaribio kuonyesha kwamba wanaorudisha sampuli wanaongezeka kutoka asilimia 59 hivi hadi 66, kwa sababu tu kazi ilipungua kutoka sampuli nyingi hadi moja. Ukiuziwa kadi yenye vidirisha leo, irudishe dukani.

Kuchukua sampuli ndiko kunakoharibika zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Kwanza kojoa, umalize, kisha vuta maji. Tandika ile karatasi ndani ya choo, au shika chombo safi kikavu, ili kinyesi kisiguse maji. Maji ya choo huisambaza na kuizimua damu, na dawa ya kusafishia choo huiharibu kabisa. Andika jina na tarehe kwenye kichupa kabla hujaanza, si baada. Mikono ikishakuwa na shughuli nyingine, tarehe husahaulika, na maabara hukitupa kichupa kisicho na tarehe. Zungusha kifuniko, chomoa kijiti, kisha kwangua juu ya kinyesi sehemu nne au tano tofauti, za mwanzo na za mwisho wake. Damu haienei sawasawa, hukaa upande uliosugua polipu, kwa hiyo kuchoma mahali pamoja katikati ni kubahatisha.

Ncha ya kijiti ina mifereji midogo kama uzi wa parafujo. Mifereji hiyo ikijaa, basi. Kuna imani kwamba ukiongeza kinyesi kipimo kitakuwa makini zaidi. Ni kinyume chake. Katika mfumo mmoja unaotumika sana, kijiti hubeba miligramu 10 tu na kichupa kina mililita 2 za maji ya kuhifadhia, na hesabu yote ya mashine imejengwa juu ya uwiano huo. Kwenye shingo ya kichupa kuna tundu jembamba linalokwangua ziada kijiti kinapoingia. Ukikilazimisha kijiti kilichotapakaa, ama shingo inaziba au kinyesi kingi kinaingia na namba inapanda kwa uongo. Kisukume hadi kilie "tak", kitikise, usikifungue tena. Yale maji usiyamwage ukidhani yamebaki kwa bahati mbaya; ndiyo yanayoilinda hemoglobini isioze.

Kisha joto. Hili watengenezaji hulitaja kwa herufi ndogo mno kwa uzito wake. Hemoglobini huvunjika kwenye joto, na ikivunjika kingamwili haziitambui, hivyo kipimo hutoa hasi wakati damu ilikuwapo. Mkoani Toscana, Italia, watafiti waliona chanya zinapungua majira ya kiangazi kuliko ya baridi, katika programu ileile yenye vifaa vilevile. Kichupa kilichosahauliwa ndani ya gari lililoanikwa juani ni sawa na kichupa kisichopimwa. Kiwekwe penye ubaridi, kwenye friji ndani ya ule mfuko kama maelekezo yanaruhusu, na kipelekwe siku hiyohiyo au inayofuata, hata kama boksi linasema kinavumilia siku kadhaa.

Kwa mwanamke aliye kwenye hedhi, asubiri hadi zipite kama siku tatu tangu ikatike. Mwenye bawasiri inayotoa damu wakati huo asubiri itulie, na mwenye damu kwenye mkojo naye vilevile. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda haziachwi kwa ajili ya FIT, na asitokee mtu wa kukuambia uziache bila daktari wako kujua.

Tuje kwenye kaseti. Uchukuaji wa sampuli ni uleule. Unatikisa, unavunja ncha ya kichupa, unadondosha matone idadi iliyoandikwa, kwa kawaida mawili au matatu, kisha unasubiri. Mstari wa C ni wa kuthibitisha kwamba kaseti inafanya kazi. Usipotokea, kaseti imekufa, tupa. Mstari wa T ukitokea, hata ukififia kama kivuli, hiyo ni chanya. Wengi huharibu hapa: wakiona mstari hafifu wanajiambia "ni kidogo tu". Kipimo hiki hakina kidogo tu. Upande wa pili, ukiiacha kaseti mezani na kuitazama baada ya saa moja, mstari unaweza kujichora wenyewe inapokauka, kwa hiyo soma ndani ya dakika zilizoandikwa na baada ya hapo usiiamini tena. Na liko jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa: damu ikiwa nyingi kupita kiasi, kingamwili zinaelemewa na mstari unaweza kutoka hafifu au usitoke. Mwenye damu inayoonekana kwa macho hana haja ya kaseti hata kidogo, aende hospitali.

Kasoro ya kaseti inayotukera zaidi ni kizio. Boksi moja linasema kikomo, yaani kiasi cha damu ambacho chanya huanzia, ni nanogramu 50 kwa mililita, jingine 100, na mnunuzi anadhani la 50 ni kali zaidi. Huenda si hivyo. Nanogramu kwa mililita hupima damu ndani ya maji ya kichupa, na kila mtengenezaji ana maji na kijiti cha kipimo chake. Kizio cha kulinganishia ni mikrogramu za hemoglobini kwa gramu moja ya kinyesi. Kwa ule mfumo wa miligramu 10 ndani ya mililita 2, nanogramu 100 kwa mililita ni sawa na mikrogramu 20 kwa gramu, kikomo kinachotumika sana kwenye uchunguzi wa watu wasio na dalili. Kaseti isiyotaja mikrogramu kwa gramu popote, si kwenye boksi wala kwenye maelekezo, tusingeinunua.

Kinanasa kiasi gani? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2014 uliweka uwezo wa FIT kuinasa saratani iliyopo kwenye asilimia 79 hivi kwa mara moja, na kumwachia salama asiye na saratani kwenye asilimia 94. Zigeuze namba hizo ziwe watu. Tuseme watu 1,000 wamepimwa, na 5 kati yao wana saratani bila kujua. Kipimo kitawanasa 4. Katika wale 995 wengine, 60 hivi watapata chanya. Kwa hiyo watu 64 watashtuka, na 4 tu ndio wenye saratani. Usikimbilie kusema kipimo ni cha uongo: sehemu nzuri ya wale 60 watakutwa na polipu, na kuitoa polipu ndiko kuzuia saratani kwenyewe. Ila yule mmoja aliyekoswa ndiye anayetufanya tusisitize marudio. FIT moja si kinga ya miaka kumi. Inarudiwa kila mwaka, kama inavyopendekezwa Marekani, au kila miaka miwili kama programu ya Uholanzi inavyowatumia kichupa kwa posta watu wa miaka 55 hadi 75. Polipu ambayo haikuvuja damu mwaka huu ina nafasi ya kukamatwa mwakani ikiwa bado polipu. Anayenunua boksi moja, akapata hasi na kulala usingizi wa miaka, amenunua kitu kingine kabisa, siyo uchunguzi.

Udhaifu wake wa kweli uko kwa polipu zenyewe, hasa ndogo na zile bapa za upande wa kulia wa utumbo, ambazo hazivuji damu sana. Utafiti wa watu karibu 10,000 uliochapishwa 2014 uliipambanisha FIT na kipimo cha Cologuard, kinachotafuta damu pamoja na chembe za DNA zilizoharibika. Kwa saratani, FIT ilinasa asilimia 74 na mwenzake 92. Kwa vinyama vya hatari ambavyo havijawa saratani, FIT asilimia 24, mwenzake 42. Namba za Cologuard zinavutia, na kwa mtu anayejijua kwamba hatakumbuka kupima kila mwaka, muda wa hadi miaka mitatu kati ya kipimo na kipimo una maana. Lakini kina bei ya aina nyingine: chanya zisizo na saratani nyuma yake ni nyingi zaidi, na unatuma kinyesi kizima ndani ya ndoo iliyotiwa dawa, jambo ambalo wapo watakaolikataa papo hapo.

Vipimo vya damu ya kuchotwa mshipani vimeingia pia. Shield, kilichoidhinishwa Marekani 2024, kilinasa saratani kwa asilimia 83, lakini vinyama vya hatari kwa asilimia 13 tu. Hicho hugundua ugonjwa zaidi ya kuuzuia. Kwa anayekataa katakata kushika kinyesi ni bora kuliko kukaa bure, basi.

Sasa chanya imetoka. Hapa ndipo tunapoona makosa mabaya zaidi, na hayafanywi na kifaa. La kwanza ni kurudia kipimo ili "kuhakikisha". Kikitoka hasi mara ya pili hakifuti chochote. Damu huja na kuondoka, na umeshajua kwamba siku moja ilikuwapo. La pili ni kuitupia lawama bawasiri. Mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja, na bawasiri haina uwezo wa kukuhakikishia kwamba juu yake hakuna kitu. Baada ya chanya ni kolonoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, na unaoweza kuikata polipu hapohapo. Data za Marekani zilizochapishwa 2017 zilionyesha kwamba waliochelewa zaidi ya miezi kumi baada ya chanya walikutwa na saratani nyingi zaidi, na zilizosonga mbele zaidi, kuliko waliokwenda ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kabla ya kununua boksi lolote, uliza kwanza: kolonoskopi nitaifanyia wapi, na foleni yake ni ya muda gani?

Huduma hiyo nayo ina ubora wa kupimwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza. Uliza kiwango cha daktari cha kugundua adenoma, yaani katika kila watu 100 anaowachunguza hukuta adenoma, aina ya polipu inayoweza kugeuka saratani, kwa wangapi. Si swali la utovu wa adabu: utafiti wa 2014 ulionyesha kwamba kila asilimia moja inayoongezeka kwenye kiwango hicho iliambatana na upungufu wa asilimia 3 wa hatari ya saratani inayojitokeza baadaye. Uliza pia kama anatumia walau dakika 6 kuurudisha mpira, maana polipu huonekana hasa wakati wa kutoka. Kisha timiza upande wako. Dawa ya kusafisha tumbo inywewe kwa awamu mbili, nusu jioni, nusu alfajiri zikiwa zimebaki saa nne hadi sita kabla ya kipimo, na imalizike angalau saa mbili kabla yake. Usinywe vinywaji vyekundu wala vya zambarau, rangi yake inaonekana kama damu. Uko tayari pale kinachotoka ni maji ya manjano yanayopitisha mwanga kama mkojo. Kikiwa na matope ya kahawia, polipu bapa itajificha chini yake na utakuwa umejitesa bure. Madhara yapo ila ni nadra: utumbo kutoboka hutokea kwa watu kama 3 katika 10,000, damu nyingi kwa kama 15.

Boksi hili halimfai kila mtu. Mwenye damu inayoonekana kwenye choo, upungufu wa damu usioeleweka, kupungua uzito, au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, huyo si wa kujipimia nyumbani. Daktari anaweza kuamua mwenyewe kutumia FIT kupanga nani atangulie kwenye foleni, lakini hiyo ni kazi yake, na kikomo anachotumia huwa cha chini zaidi. Mwenye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto aliyepata saratani hii huanza mapema, kwa kawaida miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, lipi litatangulia, na mara nyingi kwa kolonoskopi moja kwa moja. Wenye ugonjwa wa Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani hii, au wa polipu nyingi za kurithi wana ratiba yao kabisa. Kwa wengine wasio na dalili wala historia, Marekani ilishusha umri wa kuanza hadi 45 mwaka 2021. Nchi nyingi nyingine huanza 50 au zaidi.

Turudi kwenye ile karatasi ya maelekezo. Kwa watu wengi ndiyo elimu pekee ya saratani hii watakayowahi kushika mkononi, na tulizozisoma nyingi zimeandikwa kana kwamba msomaji ni fundi wa maabara. Huanza na jina la kemikali, picha ni ndogo, neno "kinyesi" linakwepwa kwa maneno ya mafumbo mpaka mtu hajui anatakiwa kukwangua nini. Mficha uchi hazai. Mwaka 2000 mtangazaji Katie Couric alionyesha kolonoskopi yake kwenye televisheni ya Marekani, na watafiti waliofuatilia walikuta idadi ya kolonoskopi imepanda kwa kama asilimia 20. Hakuongeza sayansi yoyote mpya. Aliitaja sehemu ya mwili kwa jina lake mbele ya watu. Karatasi nzuri hufanya hivyohivyo: inasema kwanza kwamba mtu asiye na dalili ndiye aliyekusudiwa, inachora kijiti kwa ukubwa wake halisi, inaandika kwa herufi kubwa kwamba mstari hafifu ni chanya, na inaweka namba ya simu ya mahali pa kwenda. Kabla ya kulipa, omba boksi lifunguliwe uisome. Angalia na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo kwenye kichupa chenyewe, siyo ya boksi tu, maana tumeona zikitofautiana.